Mbuzi wa Kiapo

Dada Nyambura, kadi hii usimsomee mtu, hata mama.

Bosi wangu hapa Gilgil hali nyama, na shamba lake amewaachia pundamilia. Ni marufuku kuua mnyama humu. Leo, yeye akiwa Nakuru, majirani wafugaji walikuja kuahidi kwamba ng'ombe wao hawataingia tena. Nikawapa githeri, mahindi na maharagwe. Mzee wao akacheka: "Karani, sasa tuapishane kwa maharagwe?" Wamemfunga mbuzi wao nje ya ofisi, achinjwe hapa kesho jioni ndipo ahadi ishike. Niliwaomba wamchinjie barabarani. "Basi ahadi nayo itabaki barabarani," akasema. Nikikubali, nafutwa kazi. Nikikataa, ng'ombe watamaliza nyasi yote.

Nishauri, lakini usinipigie simu, ofisini wanasikia. Jibu mpe dereva wa lori la viazi aliyekuletea kadi hii. Kesho asubuhi nitamngoja getini.