Kila Moja Inapiga

Kalemie, Jumatano

Kaka Landry,

Ziwa limechafuka, samaki wadogo wa ndagala wamepotea sokoni. Mama anauliza kama huko Kigoma unakula vizuri.

Papa hayuko nyumbani. Askari walipita wakipekua mutaa wetu kutafuta silaha, wakakuta sanduku la bastola zake za zamani, zile ndogo za mufukoni zinazolipua baruti kwa fataki, alizokuwa akinunua kwa wazee wa Mpala. Nikamwambia mukubwa wao ni mapambo tu, aangalie maua yaliyochongwa kwenye chuma, hazifyatuki tena. Alikuwa karibu kufunga sanduku. Papa akakasirika.

“Huyu mutoto hajui kitu. Kila moja inapiga. Nimezitengeneza kwa mikono yangu.”

Wakamuchukua pamoja nazo.

Jana nilimupelekea ugali huko alikofungwa, nikamuomba awaambie askari alikuwa anajisifu tu. Yeye akauliza kama ile biro, ofisi ya askari walimoziweka bastola, ina unyevu, maana zitashika kutu.

Ameniagiza kesho nipeleke kitambaa chake na mafuta, nimuombe askari azipanguse. Nitapeleka, Kaka. Sijui jambo jingine la kumufanyia.

Mudogo wako,
Consolate