Mlalamikaji Ni Mimi, Mkataaji Ni Mimi: Taa za Kimanga

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na tafadhali usichapishe jina langu, kwani hapa Uvira mtu akikohoa mtaa wa Kimanga anapewa pole sokoni.

Mimi ni karani wa serikali, nina miaka ishirini na miwili, nilisomeshwa na mapadri, na tangu Mbelgiji aliyekuwa kwenye biro, ofisi yetu, aondoke mwaka wa uhuru, kazi ya kukagua taa za barabarani ni yangu, nami naifanya kama nilivyoikuta kwenye daftari lake, yaani kila Jumatatu saa tatu asubuhi natembea kutoka sokoni hadi ufuoni, nahesabu kimoyomoyo nguzo kumi na tisa, na zikiwa zimesimama narudi mezani naandika "hakuna kasoro", na kwa miezi kumi na minne nimeandika hivyo huku nikijua, kwa kuwa naishi barabara hiyohiyo, kwamba jioni taa kumi na moja haziwaki.

Mwezi wa tano jirani yangu Mama Generose, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alitumbukia mtaroni gizani na beseni lake kichwani, akavunjika mkono, akapelekwa hospitali ya Lemera, na aliporudi alikuja kwangu na wenzake wa soko, ambao hawajui kuandika, wakasema, "Mwana wetu, utuandikie," nami nikawaandikia malalamiko mazuri sana, wakatia vidole gumba. Kesho yake barua ikafika mezani kwangu, maana mimi ndiye hupokea barua, na shefu wetu, Bwana Octave, akasema bila kuinua macho, "Jibu kama kawaida," nikapiga taipu kwamba ukaguzi wa Jumatatu saa tatu asubuhi haukuona kasoro, naye akatia sahihi. Akina mama wakaniletea jibu niwasomee. Nikawasomea. Mama Generose akauliza, "Huyu muntu aliandika hivi, iko na mama kweli?" nami nikawaandikia barua ya pili, kali zaidi, kesho yake nikaijibu, na ya tatu vilevile.

Baada ya jibu la tatu akasema, "Wanaangaliaka taa muchana? Basi tutawawashia muchana."

Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, ndagala hawafuati taa, waume zao hawaendi ziwani, taa za kuvulia ndagala zimekaa bure nyumbani, na Jumatatu saa tatu nilipotoka kukagua nikakuta taa kumi na moja zinawaka juani, moja kwenye kila nguzo iliyokufa, na chini ya kila taa mama mmoja na beseni lake. Soko lote likaacha kuuza. Shefu akatoka biro akipiga kelele, "Ni wazimu gani huu, kuwasha taa juani?" Mama Georgette, mmoja wa wale wenye mabeseni, akamjibu, "Shefu, weye unakaguaka taa juani, minye naiwasha juani. Wazimu ni wa nani?" Hata polisi alicheka. Shefu akahesabu mwenyewe, nguzo kwa nguzo, akarudi akapiga simu kwa watu wa umeme, na Alhamisi, mshauri, zote kumi na tisa ziliwaka kwa pamoja, mtaa mzima ukapiga vigelegele, nami nikalia mlangoni kwangu.

Sasa Jumapili jioni akina mama wanafanya sherehe chini ya nguzo ya saba, kando ya mtaro ule, na wanataka kunivika kitenge kwa kuwa mwandishi wao, halafu, kwa kuwa nafanya kazi biro, nimtaje yule karani aliyewakatalia mara tatu ili wamwimbie mbele ya watu, na wimbo uko tayari, na ubeti wa pili nimewatungia mimi, kwa sababu waliniomba maneno. Nikisema, nitampoteza Mama Generose, anayenipikia tangu mama yangu afariki. Nikinyamaza, kitenge hicho kitaniunguza. Nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Kimanga

JIBU

Mwanangu karani,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikakukasirikia. Taa hukaguliwa gizani, hata kuku anajua. Mbelgiji alikuachia daftari, hakukuachia macho yake! Na usijifiche nyuma ya shefu. Yeye alitia sahihi mara tatu, wewe uliandika miezi kumi na minne, na mkono wa Mama Generose ukavunjika katikati yenu.

Lakini barua zile pia ni zako, na bila hizo soko lisingejua mnakagua saa ngapi. Mwoga kamili hangeandika hata moja.

Jumamosi asubuhi nenda kwa Mama Generose, peke yenu wawili. Sema kabla hujaketi. Usianze na "shefu aliniagiza". Akikunyanyulia mwiko, usikimbie. Mama aliyewasha taa juani ili ukweli uonekane hatashindwa na huu wako.

Jumatatu mwambie Bwana Octave kuwa ukaguzi sasa ni saa moja jioni, na uliandike hilo daftarini mbele yake. Hatakufukuza. Soko limekwisha kumcheka mara moja, hataki ya pili.

Na Jumapili uende. Kitenge kiache begani kwa Mama Generose. Wakiuliza karani yule yuko wapi, simama pale ambapo taa inakupiga usoni, useme, "Ni minye." Wakuimbie wote, mpaka mwisho, na ubeti wa pili uuanzishe mwenyewe, kwa sauti, si unaujua? Wakikuvika kitenge baada ya hapo, vaa. Kitakuwa chako.

Mama Élisabeth