Vijiko Viwili vya Ngano

Jumatano, 3 Julai 2024

Nimefika Mikumi. Mafundi wameezua bati la nyumba yangu Kilosa, kwa hiyo wiki mbili hizi nitakaa kwa mwanangu Onesphory. Yeye yuko gereji mchana kutwa, akamtuma mkewe aje kunichukua. Vaileth ana adabu, hilo silikatai. Alinibebea begi, akanitafutia siti ya dirishani.

Lakini safari imenitia aibu. Basi liliposimama kijiji cha Ulaya nilinunua sambusa sita, za moto, nikampa mbili. Akakataa. Kwa sauti ya chini, lakini akakataa — mbele ya mama tuliyekaa naye. Akafungua kontena lake, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha na yai. Yule mama akanitazama mimi na sambusa zangu. Nikazila zote sita. Mpaka sasa kiungulia.

Miaka miwili sasa Vaileth hali ngano. Daktari wa Dar alimwingiza kamera tumboni, akasema utumbo unachubuliwa na kitu kilichomo ndani ya ngano. Gluteni. Asile maisha yake yote. Chapati, maandazi, mkate, tambi — vyote basi.

Binti wa kijijini Malolo! Amekua kwa ugali na makande, leo tumbo limekuwa la kizungu.

Alhamisi, 4 Julai

Jikoni kuna rafu yake peke yake. Sufuria yake, mwiko wake, chujio lake, vyote vimefungwa utepe mwekundu. Onesphory mkate wake anaulia nje barazani, kama mtu anayevuta sigara kwa kujificha.

Nilimletea unga wangu wa lishe, kilo tatu. Mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano kidogo. Unga huu nimeufundisha miaka thelathini na moja, darasani na kwenye kliniki za watoto. Kina mama wa Kilosa mpaka leo wananiita Mwalimu Lishe. Vaileth akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Halafu akauliza kama ndani kuna ngano.

Nikasema kidogo tu.

Akaufunga vizuri, akaupeleka kwa jirani mwenye watoto. Saa hiyo hiyo. Nikimwona.

Ijumaa, 5 Julai

Anasoma nyuma ya kila paketi. Leo dukani alisimama na paketi ya viungo vya mchuzi muda mrefu, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anatafuta tarehe ya kuisha. Akamweleza — eti wengine huchanganya na unga wa ngano. Watu wawili nyuma yetu wakacheka.

Nilisogea upande wa sabuni. Nisionekane tuko pamoja.

Jumapili, 7 Julai

Misa ya pili. Wakati wa komunyo Vaileth hapokei hostia, kwa sababu ni ya ngano. Anangoja mstari uishe, Padre anampa divai kwenye kikombe kidogo cha pembeni. Peke yake. Kanisa zima linaona. Nyuma yangu mama mmoja alimuuliza mwenzake yule dada ana nini. Mwenzake akasema sasa amenawiri, zamani alikonda mpaka watu wakasema ni ule ugonjwa.

Nikainamisha kichwa. Hata mimi nilisema hivyo. Nilimwambia dada yangu kwa simu, Vaileth akiwa kitandani chumba cha pili.

Lakini aibu hiyo haikukaa. Ilikuja hasira. Naandika ukweli, hapa hasomi mtu. Niliwaza: hakuna tumbo linalokataa ngano. Kuna mtu aliyeambiwa anaumwa akapenda kuhudumiwa. Angekula bila kujua, asingesikia chochote.

Tulipotoka, Bibiana akatuwahi. Huyu ana mgahawa barabara kuu, wanapopaki malori ya kwenda Iringa na Zambia. Yeye na Vaileth ni wa kwaya moja. Kwa miaka miwili amekuwa akimbembeleza aje ale kwake, atampikia kwa mkono wake mwenyewe. Leo Vaileth amekubali. Kesho mchana, maana kesho Onesphory hana kazi. Itakuwa mara yake ya kwanza kula nje tangu alipougua. Onesphory amefurahi kama tunakwenda harusini.

Jumatatu, 8 Julai

Saa tatu asubuhi. Nimefanya.

Nilimwambia Vaileth apumzike, uji wa leo nakoroga mimi. Ulezi wake, sufuria yake, mwiko wake wenye utepe. Na vijiko viwili vya ngano kutoka pakiti ya unga ya Onesphory, inayokaa barazani na mkate wake. Vijiko vikubwa, vimejaa. Nikakoroga mpaka hakuna donge. Amekunywa vikombe viwili. Kasema uji wa leo ni laini, nimfundishe.

Sasa anapiga pasi gauni, anaimba. Hana lolote. Nilijua.

Saa kumi na mbili jioni.

Kwa Bibiana ilikuwa kama sikukuu. Asubuhi nzima hakukanda chapati, madereva walimlalamikia, akawapa wali. Sufuria mpya, mwiko mpya, mafuta chupa haijafunguliwa. Kuku kaungwa kwa kitunguu, nyanya na tangawizi basi. Alimtajia Vaileth kila kitu, kimoja kimoja, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Vaileth alikula, akaongezewa, akala. Sijawahi kumwona akicheka na chakula kinywani.

Tulipofika nyumbani hakuwahi kuvua viatu. Alikimbilia chooni.

Tangu hapo ni kutapika na kuhara. Tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Mwisho alikuwa anatoa nyongo tu, na vidole vya baridi. Onesphory ameita bajaji wakaenda kituo cha afya. Mimi nimebaki kulinda nyumba.

Nimeosha sufuria ya uji mara tatu.

Jumanne, 9 Julai

Amelazwa. Dripu ya tatu. Nilimpelekea chai ya rangi. Nesi alikuwa anaandika, akamuuliza jana alikula nini. Vaileth akajibu polepole, midomo imekauka, kwamba asubuhi alikunywa uji wa mama, huo hauna shida, halafu mchana akala mgahawani.

Huo hauna shida. Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. Nesi akaniomba nisogee, nimeziba mwanga.

Nesi akasema mwili wa namna hii huchukua siku nyingi kutulia, na ndani kunachubuka upya hata kama nje hakuonekani kitu. Miaka miwili ya viazi vya kuchemsha. Vijiko viwili.

Onesphory alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Bibiana. Amenisimulia mwenyewe, anaangalia chini. Alimfokea mbele ya wateja, akamwita muuaji. Mwanangu si mtu wa kelele. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, mpole. Nilimwambia ni uchungu tu, Bibiana ataelewa.

Nilimfariji mimi.

Jumatano, 10 Julai

Sijasema.

Jirani amepita. Anasema habari imeenea stendi yote, chakula cha Bibiana kina sumu. Madereva wamehamia mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Nimepika makande. Nimefua mashuka ya Vaileth kwa mkono.

Sijasema.

Alhamisi, 11 Julai

Vaileth ameruhusiwa. Amekonda usoni, zile siku za zamani zimerudi machoni. Bibiana alipobisha hodi, saa nne, yeye alikuwa amelala.

Shikamoo, mama. Marahaba. Nikamkaribisha kiti, akakaa kwenye kigoda. Hakuja kujitetea. Alisema amepitia kila kitu tangu sokoni mpaka mezani, haoni pa kushika, usingizi hapati. Kisha akasema:

"Mama, wewe ni mwalimu wa mambo haya, na ulikuwepo. Niambie nilikosea wapi, nisije nikamuua mwenzangu."

Pale ndipo. Tulikuwa wawili tu. Neno lilikuwa mdomoni, nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema.

Nikasema: "Ni vumbi, mwanangu. Jiko la chapati, unga hukaa kwenye kuta, kwenye kibao, hata kwenye nguo. Hauonekani kwa macho."

Kwa sauti yangu ya darasani. Na kitu chenyewe ni kweli, kinaweza kutokea, ndiyo maana kiliniingia mdomoni kirahisi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akanishukuru. Akanishika mikono yote miwili na kunishukuru.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mtu husindikiza mgeni.

Ijumaa, 12 Julai

Bibiana amepaka jiko lake chokaa. Kibao cha chapati na kile kijiti cha kusukumia amevichoma. Hatapika chapati tena, na chapati ndizo zilizompa jina, madereva wa Zambia walikuwa wanazifungasha za njiani. Amemtumia Vaileth meseji kwamba kosa ni lake, ni vumbi la jikoni kwake, hakujua, amsamehe.

Vaileth alilia akiisoma. Akanisomea kwa sauti. Halafu akasema: "Mama, kuanzia leo mkononi mwa mtu sili tena. Ila kwako."

Nikatoka nje kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Nina miaka sitini na saba. Nimechapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Nimewasimamisha mbele ya darasa, nimewaambia kosa si kuanguka, kosa ni kuficha. Na sasa najiuliza naogopa nini hasa. Vaileth hatanitukana, najua, pengine hata atanipigia goti. Kufukuzwa siogopi, nina nyumba yangu. Naogopa yale macho ya Onesphory. Naogopa siku atakaponipokea kikombe cha uji, akakinusa kwanza.

Kesho mchana Vaileth amemwita Bibiana chakula, wapatane. Ameniomba nipike mimi.

Nitasema kesho. Wote wakiwepo. Ni bora mara moja.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepika tangu saa mbili. Ugali, perege wa kukaanga, mchicha wa karanga. Karanga nimezitwanga mwenyewe, kinu nimekiosha kwa maji ya moto kwanza. Samaki sikumpaka unga wowote. Nimesoma hata pakiti ya chumvi, nyuma na mbele. Mikono nimenawa mpaka ngozi inauma. Vaileth alinitazama kutoka mlangoni akasema namshinda hata yeye kwa uangalifu.

Bibiana kafika saa saba, kavaa kitenge cha kwaya, hakuleta kitu mkononi. Siku zote huleta kitu. Ameogopa kuleta. Onesphory akamfuata mpaka getini, akamwomba radhi pale pale, jirani akisikia. Bibiana akasema hana haja ya kuombwa radhi, yeye ndiye mwenye deni. Vaileth akamkumbatia. Walikaa hivyo kitambo.

Tukakaa mezani, sisi wanne. Vaileth akaniomba nitangulize sala.

Nikasimama. Nikasema: "Kabla ya sala, nina neno."

Wakaniangalia. Onesphory alikuwa anatabasamu, alidhani ni hotuba, ananijua. Vaileth aliweka kijiko chini. Bibiana akainamisha kichwa, mikono mapajani. Alidhani namsema yeye. Alikuwa amejiandaa kabisa kusemwa.

Kuinama kule. Sikuweza.

Nikasema nimesahau chumvi.

Nimekuja huku chumbani. Chumvi haikai chumbani. Nimekaa kitandani, naandika haraka, labda mkono ukitangulia mdomo utafuata. Nilitia mimi. Mimi Generoza, kwa makusudi, ili nimuumbue mtoto wa watu.

Nawasikia. Hakuna aliyegusa sahani. Bibiana anauliza kwa sauti ya chini kama aende, maana anaona mama hajamsamehe. Onesphory anamwambia akae. Kiti kimesogea. Hatua za Vaileth, bado anatembea polepole, anashika ukuta.

Ameishia kwenye pazia. Naona miguu yake.

"Mama," amesema, "chumvi iko mezani."

Haendi. Amesimama pale pale, ananisubiri.