Jina la Kilichompata Luhende

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili hadi jioni. Zoezi: maneno ya Kiingereza yanayokaribiana na "miracle". Wonder, marvel, phenomenon. Niliwaambia hayabadilishani ovyo. "Miracle" lenyewe lina Mungu ndani yake. La mwisho ni la mtu anayetazama na kupima.

Karibu wote wametunga sentensi juu ya mdogo wangu Luhende. Sikuwaomba. Lakini mji mzima unajua: alifukiwa siku nne kwenye duara, shimo la dhahabu kule machimboni Geita, akatoka anatembea. Wenzake wawili walitolewa maiti.

Sikujua niwape alama gani.

Jumatano, 5 Machi

Tangu Luhende aletwe hapa nyumbani Kambarage kupumzika, Mama anamwambia kila anayeingia: muujiza. Majirani wanasema ajabu. Luhende anakula tu. Analala mlango wazi.

Mimi nilisali rozari siku zote nne. Alipotoka sikushukuru. Niliuliza kwa nini yeye na si wale wawili. Naona aibu. Sijui ninaamini nini.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja wanaume wawili. Mmoja ana duara jipya karibu na Buseresere. Anataka Luhende awe wa kwanza kushuka. Asichimbe. Ashuke, akae kidogo, apande. Wachimbaji wanaamini mtu aliyenusurika kifusi hulifungulia shimo bahati. Atapewa mifuko ya kwanza ya mawe ya dhahabu.

"Wewe ardhi imekutema, mwanangu. Haikutaki kabisa!" alisema mwenye duara.

Luhende akacheka. Mara ya kwanza tangu arudi. Nilikifurahia kicheko kile, nikajichukia.

Anaondoka Jumanne. Nilimwambia asiende.

"Dada, ungekuwa mimi ungeogopa nini tena?"

Nikaenda kuosha vikombe vya wageni.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Mama ametoa shukrani, Luhende amesimamishwa mbele. Vigelegele.

Mchana kaja mgeni na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Baba Kulwa, fundi wa magogo, anayekinga kuta za duara kwa miti zisiporomoke. Alifanya kazi kwenye shimo lile lile. Alifukuzwa wiki moja kabla halijaanguka, kwa kumaliza miti. Aliongeza magogo kwenye pembe moja ambayo hakuiamini.

"Walikuwa wananiuliza, wewe Baba Kulwa, unakinga shimo au unamjengea bibi harusi?" Alisimulia akicheka. Kisha akamgeukia Luhende. "Ulikuwa umekaa pembe ipi?"

Luhende akatazama sakafu. "Ile yako."

Mama akasema Mungu alimtumia Baba Kulwa.

"Amina, mama. Ila mimi nilifukuzwa."

Kumbe Luhende alijua kuwa ni magogo yaliyomwokoa. Siku zote hizi, na leo mbele ya altare, alijua. Waliokufa walikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nimekasirika. Halafu namwonea huruma. Nani angependa kuwa mtu aliyekaa tu kwenye pembe nzuri?

Jumatatu, 10 Machi

Nimemuuliza swali moja: duara jipya limekingwa na nani? Hajui. Hakuuliza.

Nimegombana na Mama. Nilitaka amkataze. Anasema namjaribu Mungu. Nadhani anayemjaribu ni Luhende. Au ni mimi. Sijui.

Nimempigia Baba Kulwa, nikamwomba aende naye. Ataenda kama Luhende atamwita mwenyewe. "Nimeshafukuzwa mara moja, mwalimu. Sijipeleki."

Nimemwambia Luhende. Akaendelea kufunga begi lake.

Jumanne, 11 Machi

Wamemfuata asubuhi. Ameondoka. Hakumpigia Baba Kulwa. Sikumuaga vizuri.

Nilifundisha vipindi vinne. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi, 13 Machi

Kapiga simu saa nne asubuhi. Yu hai. Hakushuka.

Anasema watu walijaa wakipiga makofi. Akainama mdomoni mwa duara, akatazama. Udongo mtupu, hakuna gogo hata moja. Akasema hashuki mpaka aitwe Baba Kulwa. Wakamzomea. Mwenye duara akapaza sauti: "Kumbe ardhi ilikutema kwa sababu huna ladha!"

Mtu mwingine akashuka badala yake. Akapanda salama. Wakamshangilia.

Sauti ya Luhende ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Nilitaka kusema umefanya vyema. Sikuweza. Je, kama nimemnyang'anya kitu pekee kilichomfanya acheke? Na yule mwingine kesho atashuka tena.

Jumamosi, 15 Machi

Luhende karudi jana. Mama kampakulia chakula, hakuuliza kitu.

Leo asubuhi ameniomba nimsindikize kwa mjane wa Shija, mmoja wa wale wawili waliokufa shimoni. Hajawahi kwenda. Tutapanda basi kesho. Hajui atamwambia nini. Mimi pia sijui.

Amepiga pasi shati lake la kanisani. Kaunguza kola kidogo. Nimemwambia haionekani.