Miche Iliyotekwa Msibani

Mama yangu mpendwa,

Masika yamekatika juma lililopita, na leo asubuhi nimefuata kijito kutoka darajani mpaka shambani kwa Kanuti. Nimetembea kivulini njia nzima. Niliporudi nilifungua shajara yangu niandike kama kawaida, nikaona habari hii haiwezi kukaa humo tu. Ni yako.

Unakumbuka mlivyoanza. Uliwaita wanawake wa jumuiya, mkajaza viriba udongo na samadi nyuma ya jiko letu, mkaotesha mikangazi na mikuyu ya kushika kingo, na kakao ya kukaa chini ya vivuli vyake ili mtu asiseme mti haulishi. Mkutano wa kijiji ulikubali kila mwenye shamba aache ukanda wa miti kando ya maji. Wote walinyoosha mikono. Lakini hapa kijijini Mkula mkono unaonyooshwa mkutanini na mkono unaoshika jembe si lazima iwe ya mtu mmoja. Mpunga unaostawi kuliko wote ni ule unaogusa kijito, na kila mtu alimsubiri Kanuti aanze, kwa kuwa shamba lake ndilo kubwa na liko katikati.

Kanuti, mtani wako. Kila ulipompelekea miche alikuuliza kama inaliwa na ugali. Wewe ulimjibu kwamba watu wa kwao wangekula hata viriba. Mlicheka, mkaagana, na miche ukarudi nayo kichwani. Nyumbani hukucheka. Ulikuwa umeshaanza kuumwa, ukakaa kitaluni ukaniambia, "Nikiondoka kabla ya mvua, hii nayo itakufa."

Ukaondoka kabla ya mvua.

Msibani watani walifanya kazi yao. Walichimba kaburi, wakapika, wakatuchekesha hata tusipotaka. Kanuti alijifunga kanga yako, akatembea mwendo wako ule ule, akimfokea kila mtu kwa kukanyaga miche ambayo haikuwepo. Hata padri aliinamisha uso kuficha kicheko. Kisha akawaongoza wenzake nyuma ya jiko, wakabeba miche yote kwenye matenga.

"Huyu kaondoka bila kutuaga," alisema. "Miche tumeiteka. Mkitaka kuikomboa, leteni jogoo."

Kaka Gasto alitaka kupeleka jogoo jioni ile ile, maana yule bwana angeiacha miche ikauke. Nikamzuia. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtani akiteka kitu anakitunza mpaka kikombolewe. Kikiharibika mikononi mwake, yeye ndiye anayelipa, tena atachekwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo miche yako isingepata mlinzi wa uhakika kuliko Kanuti.

Alimwagilia, mama. Alishuka kijitoni na ndoo asubuhi na jioni. Alituma mtu kuuliza jogoo yuko wapi, nikajibu kwamba bado ni kifaranga. Akatuma tena, nikajibu kwamba ana mafua. Watani wenzake waliogawana naye miche wakalalamika kwamba marehemu anawatumikisha kuliko alipokuwa hai. Gasto alicheka mpaka akakaa chini, mara yake ya kwanza tangu tukuzike.

Mvua zikaanza. Mizizi ilikuwa imetoboa viriba, na mche ukifika hapo ama uupande ama uukose. Nilimkuta Kanuti akichimba mashimo ukingoni, katikati ya mpunga wake bora, kwa sababu hapo ndipo asipohitaji ndoo. Nilimpa shikamoo. Hakuinua kichwa.

"Marahaba. Kamwambie kaka yako mateka wanakunywa sana."

Wenzake walipoona ameanza, nao wakapanda kwenye kingo zao.

Siku ya misa ya kumbukumbu yako hatimaye tulimpelekea jogoo. Akamkataa. Alisema tumechelewa, mateka wameshaoa kwake, na asiyeridhika aende akawang'oe mwenyewe. Tukamla jogoo pamoja naye. Sasa miaka imepita, kakao imezaa chini ya mikangazi, kingo hazimeguki tena, na kiangazi kilichopita kijito hakikukauka.

Mimi nakukumbuka zaidi ninapopata jambo la kuchekesha. Gasto hucheka, basi. Wewe ulikuwa ukiuliza, "Halafu akasema nini?"

Basi sikiliza. Jana Kanuti alikuja nyumbani. Mwenye shamba la chini, pale kijito kinapopinda, amekubali kuacha ukanda wake, na miche hakuna. Kanuti alizunguka nyuma ya jiko, akatazama kitalu chako kilivyoota majani, akavua shati, akaomba jembe. Nilimuuliza kama anajua kuotesha mkangazi.

"Sijui," alisema. "Ila mama yako alinisemesha miaka yote ile. Hakukosi neno moja lililobaki sikioni."

Tulifanya kazi mpaka jua likazama. Viriba vimepangwa tena, mistari imepinda, udongo ameushindilia mno, na mbegu nyingine nina hakika amezizika chini kupita kiasi. Ungemsema. Mimi nimemwachia kopo la kumwagilia.

Pumzika kwa amani, mama. Miche haikufa.

Mwanao wa mwisho