Mbuzi Hayupo Wodini

Jumanne, 11 Juni 2024

Ukungu tangu asubuhi. Baba mkwe hajala. Nimeweka ndizi mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka – kama siku zote tangu niolewe. Huku Masukulu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Baba akitaka chumvi anamwambia mbuzi. Nami namjibu mbuzi. Leo kamwambia mbuzi ana gesi tumboni. Gesi gani hiyo ya kumliza mtu mzima!

Alhamisi, 13 Juni

Anatapika. Nimempigia mume wangu, Meshaki, yuko Tunduma. Eti mpe tangawizi, nakuja Jumamosi. Tangawizi! Nikakimbilia kwa jirani, mzee Anyosisye. Ndiye aliyeingia. Alipotoka hakuniangalia usoni. Kasema kinena kimevimba kama parachichi, ngozi imekuwa nyeusi. Ngiri – ya miaka, anaificha chini ya koti. Angemwambia nani? Mama mkwe tulishamzika. Mwanangu Agness yuko bweni. Nyumbani tumebaki mimi na mbuzi. Nimelia sana jikoni. Mzee Anyosisye kaenda kutafuta gari.

Ijumaa, 14 Juni. Hospitali, Tukuyu

Daktari anasema ngiri imenasa. Kidole tumbo kimeingia humo ndani, na kimepasuka. Ni nadra sana, anasema, na kwa umri huu ni hatari. Apasuliwe sasa hivi. Mzee kakataa! Anamsubiri mwanawe. Daktari anasema hiyo kesho huenda asiifikie. Meshaki hapatikani kwenye simu. Mzee Anyosisye amesharudi kijijini.

Nesi Doreen kanivuta mkono: mama, ndugu ni wewe, ongea naye. Mtu wa Dar huyu, ataelewa nini. Nikasimama nyuma ya pazia la kitanda. Mbuzi hayupo. Nikaiambia dripu.

"Dripu, mwambie baba akubali. Bado tunamhitaji."

Nikadhani nimemvunjia heshima. Niliogopa mno.

Halafu sauti yake, ndogo:

"Dilipu, mwulise mama Agness... nikipasuliwa huku chini, kidonda atanisafisha nani?"

Nyumbani hakuna mwingine. Anajua. Najua.

Doreen ameleta machela, anangoja baba akubali. Naandika nimesimama, mkono mmoja umeshika pazia. Sijalivuta.