Kilichosikika Baada ya Maikrofoni Kuzimwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama, ingawa kusema kweli hali yako ndiyo inayoninyima raha. Mapacha hawajambo? Waambie mama yao mdogo anawasalimu. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka. Barua hii nimempa yule fundi cherehani akukabidhi mkononi, maana simu yako tunajua nani anaisoma. Isome palepale kwake. Usirudi nayo nyumbani, nakuomba.

Bila shaka mumeo ameshakusimulia ya kwake: kwamba mtangazaji wetu wa asubuhi, yule tunayemwita Kasuku, alimvamia studio, naye akajitetea tu. Kajitetea, loo! Dada, mimi ndiye niliyeingia wa kwanza. Kasuku alikuwa chini, taya limekwenda upande, meno yake kwenye zulia, vidole vya mkono wa kulia vimepinda ovyo. Shemeji kasimama na stendi ya maikrofoni, jasho linamtiririka, mwilini hana hata alama. Akaniamuru nimletee maji ya kunawa. Nikaleta. Unajua ninavyomwogopa, na kazi hii ni yeye aliyenipa.

Kosa la Kasuku ni kwamba aliaga. Asubuhi ile aliniambia amepata kazi redio nyingine na atamweleza bosi kiungwana. Sasa yuko hospitali, taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema, hawezi kuandika, na askari yuko mlangoni kwa sababu Shemeji ndiye aliyefungua kesi. Akipona anakwenda jela, hivihivi.

Sasa nisikilize hapa, na usianze kupiga miayo kama kawaida yako nikizungumzia kazi yangu. Kompyuta za studio zinatumia ule mfumo huria, ambao yeyote anaweza kuufungua ndani na kuurekebisha. Kila mgeni lazima aambiwe kwamba Shemeji ndiye aliyeuweka kwa mikono yake. Aliuweka kweli, ila hakuwahi kuuelewa. Zamani programu moja ilikuwa ikiing'ang'ania kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, nyingine zote zinabaki bubu. Siku hizi katikati kuna seva ya sauti. Programu zote zinaipelekea sauti zao, yenyewe inazichanganya, kisha inazikabidhi kwa kiini cha mfumo, ambacho ndicho kinachoongea na kadi. Na sauti ya maikrofoni ni vivyo hivyo: seva inaigawia kila programu inayoomba, kila moja na bomba lake. Ukifunga la jikoni, la bafuni linaendelea kutoa maji.

Mumeo alifunga la jikoni. Aliweka muziki hewani, akazima maikrofoni kwenye dirisha la programu ya matangazo, akaona alama nyekundu, akaridhika. Nyuma ya dirisha hilo nilikuwa nimeacha programu nyingine inarekodi, kwa sababu maikrofoni ile ilikuwa na mlio wa ajabu na mimi nilikuwa natafuta chanzo chake.

Nimesikiliza, Dada. Kasuku hakumgusa. Nilisikia stendi ikipiga mfupa. Nilisikia Kasuku akimwita Shemeji bosi, halafu akimwita baba. Shemeji akamuuliza, taratibu kabisa, anaandika kwa mkono upi. Akajibiwa. Ndipo vidole vikaanza, kimoja kimoja, na muziki unacheza hewani watu wakidhani tunafurahi.

Nitakuambia ukweli: nilitaka kuifuta. Niliwafikiria mapacha, nikakufikiria wewe ukiitwa mke wa mfungwa, na nikajifikiria mimi. Nilishaweka kidole juu ya kitufe. Lakini nikaiacha iende mpaka mwisho, mazoea ya kazi tu.

Mwishoni Kasuku anamwomba amhurumie kwa ajili ya mkewe. Shemeji anacheka. Anamwambia kwamba yeye amewahi kumbana hata mke wake mwenyewe mkono kwenye mlango mpaka ukavunjika, kisa kumuuliza alikolala, sembuse Kasuku.

Dada. Uliniambia uliteleza bafuni. Nikakuchorea maua kwenye plasta, tukacheka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikia, sikukusikia. Nisamehe.

Asubuhi hii nimewapa polisi rekodi, na nakala nimempa wakili wa Kasuku. Watamchukua Shemeji ofisini leo mchana, ila sijui watakaa naye kwa muda gani, na akitoka kwa dhamana atakuja moja kwa moja kwako. Kwa hiyo usimngoje. Kazi sina tena, lakini chumba ninacho, na mlango wake unafungwa vizuri.

Fundi anajua yote, mkewe pia. Kwenye mfuko aliokupa pamoja na barua hii hakuna gauni. Kuna nguo nilizowanunulia mapacha na ufunguo wa kwangu. Wapitie shuleni sasa hivi, na mwache fundi abebe mfuko, mkono huo bado haujapona.

Nakungoja.

Mdogo wako